Hati ya nyumba yenu inaisha mwaka gani?

Muulize mwenye nyumba wa Sinza, Tabata au Mbezi kama ana hati, atakujibu hapo hapo. Muulize hati hiyo inaisha mwaka gani, wengi watanyamaza kidogo, kisha watasema, "Ngoja nimuulize mzee." Na mara nyingi mzee mwenyewe alishatangulia mbele za haki.

Ninafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili hapa Dar es Salaam, na mafaili ya ardhi ndiyo yanayopita mezani kwangu zaidi ya mengine yote. Maswali ya kuhuisha hati, yaani kuiongezea muda mpya, yamekuwa mengi, na sababu yake ni hesabu tu. Hati nyingi za makazi za miaka ile zilitolewa kwa miaka 33. Iliyoanza 1985 iliisha 2018. Iliyoanza 1992 imeisha 2025. Watu waliopewa viwanja wakiwa vijana, wakajenga chumba kimoja leo na kingine mwakani, sasa ni babu na bibi, na karatasi walizozificha kabatini zimefikia mwisho wake. Nimeona nyumba nzuri zikigeuka ugomvi wa ndugu kwa jambo ambalo lingemalizwa na mtu mmoja kusoma hati mapema na kuwaambia wenzake. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya maswali yote mahali pamoja.

Swali la kwanza huwa ni la mshangao. Mama mmoja wa makamo alikuja na hati ya marehemu mumewe ndani ya mfuko wa plastiki, karatasi zimekunjwa hadi mikunjo imeanza kuchanika. Nilipomwonyesha tarehe aliniangalia kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, nyumba tumeijenga wenyewe, tofali tumefyatua wenyewe. Inaishaje?"

Nyumba haiishi, mama. Kinachoisha ni ruhusa ya kuikalia ardhi iliyo chini yake. Tanzania Bara ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Hivyo ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Unachopewa ni haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda uliotajwa na kwa masharti yaliyotajwa. Muda huo hauzidi miaka 99, na kwa mazoea utakuta miaka 33, 66 au 99. Ukifika mwisho, sheria inaruhusu uhuishwe.

Wapo wanaoshikilia kwamba kiwanja cha babu yao kilinunuliwa moja kwa moja, cha milele. Inawezekana kweli babu alinunua hivyo, maana umiliki wa namna hiyo ulikuwepo, mwingi ukiwa umetokana na enzi za Wajerumani. Lakini mwaka 1963 serikali iliufuta na kuugeuza kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa tena kuwa haki ya kukalia ardhi kama zilivyo hati nyingine. Maana yake ni kwamba hata kile kiwanja cha milele kina mwisho, na mwisho wenyewe ni 2062. Mjukuu anayesoma shule ya msingi leo ndiye atakayekwenda kupanga foleni.

Sasa, muda unahesabiwa tangu lini? Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanaangalia tarehe ya muhuri, siku hati iliposajiliwa, wanaanza kuhesabu kutoka hapo. Sivyo. Ndani ya hati kuna sentensi inayotaja idadi ya miaka na tarehe ambayo miaka hiyo inaanza, ambayo mara nyingi ni tarehe mosi ya Januari, Aprili, Julai au Oktoba. Tarehe hiyo inatokana na barua ya toleo, ile tuliyozoea kuiita ofa. Mtu aliyepewa ofa mwaka 1990, akazembea, akafuatilia hati na kuipata mwaka 2001, muda wake ulikuwa unatembea toka 1990. Akidhani ana mpaka 2034, kumbe ilikwisha 2023. Na kwa kuwa hati nyingi za zamani zimeandikwa Kiingereza cha kisheria, mzee anaweza kukaa nayo miongo mitatu bila mtu wa kumsomea mstari huo. Kijana wa nyumba unayesoma hapa, kazi hiyo ni yako. Waombe hati, wasomee, iandike tarehe kwenye daftari la familia, na kila ndugu aijue.

Swali linalofuata huja kwa sauti ya kujiamini: "Mimi sidaiwi, si nakatwa kwenye LUKU?" Unachokatwa unaponunua umeme wa LUKU ni kodi ya majengo. Ilianza kukatwa huko mwaka 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500. Kwa ghorofa ni shilingi 7,500 kwa kila sakafu. Hiyo ni ya jengo. Kodi ya pango la ardhi ni nyingine kabisa. Inalipwa kila mwaka wa fedha kwa namba ya malipo ya serikali, inakokotolewa kwa ukubwa wa kiwanja, matumizi yake na eneo kilipo, na haikatwi kwenye umeme wa mtu yeyote. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakigundua dirishani kwamba wanadaiwa pango la miaka kumi na zaidi, pamoja na riba, siku ile ile waliyokuja kuomba hati ihuishwe. Mwaka 2022 serikali iliwasamehe riba waliokubali kulipa deni la msingi, na waliokuwa macho walinufaika. Usiishi kwa kusubiri msamaha mwingine. Deni la pango ndilo kitu cha kwanza afisa ardhi atakachoangalia, na lisipolipwa faili halisogei.

Kitu cha pili atakachoangalia hakiko kwenye karatasi, kiko barabarani. Hati ya makazi ina masharti: ujenge ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida miezi 36, na utumie kiwanja kwa makazi. Pita Sinza au Kijitonyama uone. Ukuta wa mbele umevunjwa, pamejengwa fremu nne: saluni, duka la simu, wakala wa pesa, na moja inauza chipsi. Familia inaishi nyuma. Ninaelewa kabisa kwa nini. Kodi ya fremu ndiyo iliyosomesha watoto. Lakini mkaguzi akija kuthibitisha uendelezaji ataandika alichokiona, na alichokiona si makazi peke yake. Hilo halina maana kwamba utanyang'anywa kiwanja. Lina maana kwamba utaambiwa uombe mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwanza, na hiyo ni safari yenye maombi yake, tangazo lake na gharama zake, na baada yake pango lako la kila mwaka litapanda. Kama mmefungua fremu na hati yenu ina miaka michache iliyobaki, msisubiri mkaguzi awaambie. Ombeni mabadiliko sasa, wakati hamna haraka.

Lakini pango linalipika na fremu zinarekebishika. Kinachovunja familia ni jina.

Hati inahuishwa kwa maombi ya mwenye hati. Mwenye hati akiwa amefariki, hakuna wa kuomba. Mtoto wa kwanza si mwenye hati. Mjane si mwenye hati. Anayekaa ndani ya nyumba na kupaka rangi kila Idi au Krismasi si mwenye hati. Anayeweza kusimama mahali pa marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na asipokuwepo huyo, ofisi ya ardhi haina wa kuzungumza naye.

Nichukue mfano mmoja, nikibadilisha mambo madogo ili wahusika wasitambulike. Baba alifariki 2009, ameacha nyumba na watoto watano kwa mama wawili. Hakuna aliyefungua mirathi, kwa sababu baba alikuwa ameshasema kwa mdomo nani akae wapi, na kwa miaka yote hiyo waliheshimiana. Mwaka 2017 hati ikaisha, hakuna aliyejua. Miaka kadhaa baadaye mdogo wao akataka kuweka dhamana benki, benki ikaangalia hati, ikamrudishia. Hapo ndipo walipokaa kikao. Na kwenye kikao yakaibuka yote yaliyokuwa yamelala: nani amekula kodi ya wapangaji, nani alimuuguza mzee, nani ni mtoto wa ndani na nani wa nje. Walihitaji muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi ya kila mmoja, na mmoja akakataa kusaini. Kaka mkubwa alikuja ofisini akakaa pale kitini, amenyoosha hati mapajani, akaniambia, "Dada, sisi hatukuwahi kugombana." Nilimwamini. Walikuwa na miaka minane kabla ya hati kuisha ambayo wangeweza kufungua mirathi wakiwa bado wanapendana.

Njia yenyewe si ngumu mkiwa pamoja. Ukoo unakaa, unapendekeza msimamizi, muhtasari unaandikwa. Mnakwenda na muhtasari na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, ikiwa mirathi ni ya kimila au ya Kiislamu. Tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Asipojitokeza, msimamizi anapewa barua ya uteuzi, ile fomu namba nne ambayo mtaani kila mtu anaijua. Akiwa nayo anakwenda kwa Msajili wa Hati, jina lake linaingizwa kwenye hati kama msimamizi wa mirathi. Sasa kuna mtu anayeweza kuomba. Nataka nisisitize neno hilo "kama msimamizi", kwa sababu wapo wasimamizi wanaoona jina lao kwenye hati wakadhani nyumba imekuwa yao. Anasimamia ili agawe kwa warithi, na mahakama inaweza kumwita atoe hesabu.

Kuhusu mchakato wa kuhuisha wenyewe, mambo ya kawaida ni haya. Unaanzia idara ya ardhi ya halmashauri yako, na maamuzi yanakwenda ofisi ya Kamishna Msaidizi wa Ardhi ya mkoa. Utatakiwa barua ya maombi, hati halisi, risiti za pango hadi mwaka wa sasa, kitambulisho cha Taifa na picha ndogo. Kiwanja kitakaguliwa. Ramani ya upimaji itaangaliwa upya, na hapa ujiandae, kwa sababu mawe ya mipaka yaliyowekwa miaka 30 iliyopita mengi yalishafukiwa, yalishang'olewa, au ukuta wa jirani umekaa juu yake. Kama jirani amesogea hatua mbili kwako, au wewe kwake, ndiyo siku itakapojulikana, kwa hiyo ni vizuri kuzungumza naye kabla mpima hajafika na vifaa vyake. Maombi yakikubaliwa unapewa masharti mapya na hesabu ya malipo, unarudisha hati ya zamani, unasaini mpya, inasajiliwa. Pango jipya halitakuwa la mwaka 1985. Mzee aliyezoea kulipa kiasi kidogo aambiwe mapema.

Hati ikiwa imepotea usianze kuomba kuhuisha. Anza na taarifa ya polisi, kiapo, na maombi kwa Msajili, ambaye atatangaza kwenye Gazeti la Serikali kabla ya kutoa nakala nyingine. Ongeza hiyo miezi kwenye hesabu yako.

Nani wa kumpa kazi? Unaweza kuifuatilia mwenyewe, na wengi wameweza. Unaweza kumtumia wakili. Usimpe kishoka. Namaanisha yule anayekaa nje ya ofisi na bahasha kwapani, anayesema anamjua mtu ndani na kwamba wiki mbili zinatosha. Atachukua hati yako halisi. Hati halisi hapewi mtu asiyekuandikia chochote chenye jina lake, sahihi na muhuri. Malipo ya serikali yanalipwa kwa namba ya malipo, kwa simu au benki, na risiti inasoma jina lako. Anayetaka fedha taslimu mkononi kwa ajili ya "ada ya serikali" anataka za kwake.

Na kama muda umeshakwisha? Watu huja na hofu kwamba siku ya pili yake litakuja greda. Sijaona hivyo. Kinachotokea ni cha kimya zaidi na ndiyo maana kinadanganya: mnaendelea kuishi, wapangaji wanaendelea kulipa, maisha yanakwenda, huku mkono wa sheria uliokuwa unawakinga haupo. Hamwezi kuuza kwa bei ya haki, kwa sababu mnunuzi mwenye akili atapeleka hati kwenye upekuzi na kuona imekufa. Hamwezi kukopa. Barabara ikipanuliwa na wathamini wakaja kwa ajili ya fidia, mtajibu maswali ambayo jirani mwenye hati hai haulizwi. Mtu akija kudai kiwanja ni chake, mtaanza kesi Baraza la Ardhi na Nyumba mkiwa mmeshika karatasi iliyoisha. Kwa hiyo nendeni hata kama mmechelewa. Aliyetimiza masharti na anayekaa pale ana hoja nzito ya kufikiriwa kwanza kuliko mtu yeyote mwingine, na hoja hiyo inazidi kudhoofika kadiri mnavyokaa.

Muda mzuri wa kuanza, kwa maoni yangu, ni miaka mitano kabla. Wengine watasema mwaka mmoja unatosha. Unatosha kama pango limelipwa, matumizi ni yale yale, mipaka haina mgogoro na mwenye hati yuko hai, ana akili timamu na anaweza kusaini. Hebu fikiria ni nyumba ngapi unazozijua ambazo mambo hayo yote manne yako hivyo.

Wanunuzi nao wasisahau. Dalali atakuonyesha vigae, tangi la maji na geti la umeme. Wewe uliza miaka iliyobaki. Nyumba yenye hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 ina muda mpaka 2031. Ukitaka mkopo wa nyumba wa miaka 15, benki haitakuelewa hadi hati ihuishwe. Hilo ni jambo la kujadiliana na muuzaji kabla ya bei, na bora zaidi ahuishe yeye, kwa gharama yake, ndiyo mkataba usainiwe. Kwa anayenunua sehemu ya ghorofa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, swali ni lile lile ila linahusu ardhi ya jengo zima: hati mama ina miaka mingapi? Sehemu yako haiwezi kuishi muda mrefu kuliko ardhi inayolibeba jengo.

Ndugu walioko nje pia huniandikia. Ukiwa Mtanzania unayeishi Muscat kule Oman au Reading kule Uingereza na pasipoti yako ni ya Tanzania, wewe ni raia, omba kama raia. Ukishachukua uraia wa nchi nyingine, hesabu inabadilika, kwa sababu sheria haimmilikishi ardhi asiye raia kwa njia ile ile. Familia zinazopanga kuandika hati mpya kwa jina la mtoto aliyeko Marekani zimuulize kwanza anatumia pasipoti gani, kisha zimuone wakili. Ni mazungumzo mazito kidogo kwenye simu, lakini ni mepesi kuliko kuyafanya baada ya maombi kukataliwa.

Wengine mnaosoma hapa hamna hati, mna leseni ya makazi, zile zilizotolewa maeneo yasiyopimwa. Muda wake ni mfupi mno. Sheria inaweka kikomo cha miaka mitano. Nyingi zimekwisha na zimesahaulika. Msihangaike na leseni peke yake, ulizeni serikali ya mtaa kama mtaa wenu umo kwenye urasimishaji, yaani kupimwa kwa makazi yaliyojengwa bila mpango, ili mtoke kwenye leseni mwende kwenye hati. Walioko vijijini wenye hati ya hakimiliki ya kimila hawana wasiwasi huu, kwa sababu kwa mwanakijiji haki hiyo inaweza kutolewa bila kikomo cha miaka. Na Zanzibar wana sheria zao za ardhi, msizitumie hizi.

Siku ukikabidhiwa hati mpya, usiondoke dirishani mara moja. Soma jina herufi kwa herufi na ulilinganishe na kitambulisho. Soma namba ya kiwanja na kitalu, ukubwa wake, matumizi, idadi ya miaka na tarehe ya kuanza. Kosa likionekana pale pale linarekebishwa na mtu yule yule aliyekukabidhi; likionekana baada ya miaka kumi unaanza na kiapo. Kisha hakikisha pango jipya linasoma kwa jina jipya kwenye mfumo, maana nimeona hati imehuishwa huku deni likiendelea kukua kwenye namba ya zamani.